Sanduku la Spana Lapata Gurudumu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Tabita alimtwisha mama yake sanduku la spana. Mama Restuta alichuchumaa, Tabita akamwekea ngata ya kitenge kichwani, kisha wakaliinua pamoja lile sanduku la chuma. Mama alikuwa fundi wa malori, na malori ya Tunduma hayamfuati fundi. Hupanga foleni ndefu kutoka mpakani, na linaloharibika huko nyuma humngoja fundi hukohuko.

Mwezi wa Machi, shingo ya mama iligoma. Muuguzi alimwambia waziwazi, "Mama, kubeba kichwani sasa basi. Ukiendelea, hata mikono itakufa ganzi."

Jioni mama alisema, "Jumamosi fundi mwenzangu Hezron atakuja kulinunua sanduku. Mimi nitarudi kwetu Ibaba nikalime."

Tabita aliumia moyoni. Alijua jinsi mama alivyoipenda kazi ile. "Nipe mpaka Jumamosi, mama," aliomba. "Nitalitafutia miguu."

Jumatano, yeye na rafiki yake Nesta walifunga ubao juu ya beringi nne kuukuu ziwe magurudumu. Kwenye lami kigari kilikimbia vizuri. Kilipoteremka pembeni, yalipoegeshwa malori, kilizama kwenye tope na spana zikatawanyika. Nesta alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akainama kuziokota.

Alhamisi waliomba gurudumu la zamani kwa Yonasi, fundi baiskeli, wakaunda toroli la mbao. Sanduku waliliweka nyuma, karibu na mikono, ili waliangalie lisianguke. Likawa zito ajabu.

"Ongeza jitihada!" Nesta alihimiza. "Mwalimu alisema kila nyenzo inahitaji jitihada."

Tabita akauma meno, akasukuma mpaka viganja vikatoka malengelenge. Hakufika hata lori la tatu.

Kesho yake alimwonyesha Mwalimu Edina viganja vyake na kumweleza yote. Mwalimu alichora toroli ubaoni. "Kwenye nyenzo, jitihada si kujikaza, mwanangu. Ni nguvu ya mikono yako. Gurudumu ndilo egemeo. Sogeza mzigo karibu na egemeo, uone jitihada itakavyopungua."

"Ipungue?" Tabita alishangaa. Ripoti zake zote za shule zilisema "aongeze jitihada".

Jioni ile waling'oa misumari, wakalisogeza sanduku mbele kabisa, wakalikaza kwa mpira wa tyubu.

Jumamosi Hezron alifika mapema. Kabla hajaketi, dereva mmoja Mzambia aliingia uani akihema. "Bamayo, mama fundi, breki zimegoma kuachia! Foleni inasogea, mimi nimeziba njia!"

Mama alilitazama sanduku, akashika shingo yake.

"Mama, shika hapa," alisema Tabita.

Mama aliinua mikono ya toroli kwa wasiwasi. Akapiga hatua moja, ya pili, kisha akakaza mwendo. Gurudumu likapita kwenye tope bila kuzama.

"Hezron," alisema bila kugeuka, "siuzi."

Haikupita saa nzima, lori likaondoka. Mama alijifuta grisi, akavitazama viganja vya binti yake.

"Bidii ni jambo jema, Tabita, lakini bidii peke yake humchosha mtu bure. Mimi nimebeba sanduku hili kichwani miaka kumi na mmoja, sikumuuliza mtu kama kuna njia nyingine. Wewe ulishindwa mara mbili, hukukata tamaa, wala hukuona haya kuuliza. Fanya hivyo maisha yako yote."

Hezron, aliyekuwa amewafuata mpaka pale huku sanduku lake mwenyewe likimning'inia begani, alilitua chini polepole na kusugua mgongo.

"Eti, Tabita," aliuliza, "gurudumu kama hilo naweza kulipata wapi?"