Mstari Mtupu Kabla ya Namba

Sindano alipanda ngazi mbili mbili, bastola ya Beretta mkononi.

Simu ikatetemeka. Mkuu wake.

"Kuna mkono umechezea faili la majasusi. Mtambo wa redio utaliingiza wenyewe saa nne kamili. Na watu wetu wanne wako ndani ya ghala la wauza silaha."

"Nimebakiza dakika ngapi?"

"Sita."

"Zinatosha."

Mtego wenyewe aliujua. Kila jasusi ana maelezo yake: jina, cheo, namba ya redio. Kisha mstari mtupu, halafu anaanza mwenzake. Mashine haiulizi maswali. Ikikuta mstari mtupu, kwake mtu huyo kaishia hapo. Ukiupenyeza kabla ya namba ya redio, jina linaingia, namba inatupwa.

Mwezi uliopita mumewe, naye jasusi, aliomba msaada kwa redio mara tatu kutoka ghala hilo hilo.

Kituo kilimjibu, "Namba haijulikani."

Wakamletea Sindano saa ya mumewe na viatu.

Alisukuma mlango wa chumba cha kompyuta. Aliyekaa pale hakugeuka. Sindano aliijua ile shingo. Ilifanana kabisa na ya marehemu mumewe.

"Shemeji. Toa mikono kwenye kibodi."

Mdogo wa mumewe akaitoa, polepole. "Hata hodi, shemeji?"

"Kaka yako ulimkatia namba wewe?"

"Wauza silaha waliniambia watamshika siku mbili tu, wamwachie. Nikaamini."

"Na hawa wanne?"

"Ukishaingia kwao, hakuna mlango wa kutokea."

Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu ndiye aliyeshika jeneza mbele, akilia kuliko wote.

Alimfunga pingu kitini.

Dakika mbili.

Akafuta mstari mtupu wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Mistari iliyotenganisha mtu na mtu aliiacha. Akahifadhi.

Saa nne. Redio ikakoroma.

"Namba saba naita. Tumezingirwa."

Kituo kikajibu, "Namba saba, tumekupata. Msaada unakuja."

Sindano alifumba macho. Maneno machache tu, na mumewe hakuyapata.

Nusu saa baadaye: "Ghala ni letu. Wote wanne wazima."

Askari walipokuja kumchukua, shemeji akauliza kwa sauti ndogo, "Mama utamwambia nini?"

"Kwamba alizaa wawili, akabakiwa na mkwe."

Akachomeka bastola kiunoni, akashuka ngazi taratibu, moja moja.