Tangi Lililojaa Likapwa

Kimya ndiye aliyeona kwanza kuwa maji ndani ya dumu yamelala upande. Uwanda wa chumvi ulikuwa sawa kama meza, gari lilikwenda polepole, lakini maji yalikuwa yameinamia kushoto. Akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, ganda la chumvi lilipasuka, gurudumu la kushoto likazama hadi kwenye ekseli, na dumu likapinduka juu ya masufuria.

Shangazi yake, fundi wa vipima kina, aliruka akaliinua. Yalibaki maji ya kulowesha kitako cha dumu tu.

"Simu?" aliuliza.

"Inatafuta mtandao tangu asubuhi," alisema dereva, aliyeitwa Breki kwa kuwa hakupenda kuikanyaga.

"Ofisini wanatutegemea keshokutwa."

"Basi turudi kwa miguu."

"Kwa jua hili? Utafika umekauka kama ng'onda."

Mbele yao lilisimama tangi walilojia, la maji ya chumvi, refu, limeliwa na kutu. Walilifuata wapate kivuli. Chumvi ilikata kama vigae, kisigino cha Breki kikatoka damu. Kimya, aliyechukuliwa safari ile kama mpishi, alijitwika sinia kichwani kukinga jua. Midomo ilipasuka. Breki akachovya kidole kwenye bomba la tangi, akaonja, akatema.

"Huyu aliyepika amemwaga kopo zima la chumvi."

"Usinywe hata tone," Shangazi alimwonya. "Yatakumaliza kabla ya kiu."

Kisha akapanda ngazi. Kazi iliyomleta ilikuwa pale pale, na kukaa bure kungemtia wazimu. Kipima kilining'inia chini ya mfuniko, kidogo kama kikombe. Kazi yake ni kutuma sauti chini, kuipokea ikirudi, na kupeleka ofisini, kwa mtambo wake wenyewe usiohitaji mtandao wa simu, habari moja tu: tangi limejaa kiasi gani. Chumvi ilikuwa imeziba jicho lake.

Shangazi alilifuta kwa kitambaa. Kimya, aliyesimama ngazini ameshika mkoba wa vifaa, akaona namba kwenye kioo zikiruka. Robo. Limejaa. Robo tena.

"Linahesabu mkono wako," alinong'ona.

"Unasemaje?"

Kurudia kulimshinda. Alifunga sinia kwa kamba, akaliteremsha chini ya jicho. Kwenye kioo, tangi likajaa. Akalivuta pembeni. Likapwa.

Shangazi alitazama namba, akamtazama mpwa wake, akacheka hadi ikabidi ashike ngazi.

"Breki! Njoo uone, mtoto anajaza tangi kwa sinia!"

Walipokezana kamba ya sinia mchana kutwa, ili huko ofisini waone namba zikicheza. Kamba iliwachuna viganja, wakavifunga matambara. Maji ya dumu waliyagawa kwa kizibo, na Breki alikidai chake kwa heshima zote, kama bwana harusi. Aliimba pia, "jaa, pwaa," kwa sauti mbovu kiasi kwamba walisahau kiu kidogo. Lakini jua lilipoanza kulegea, kizibo hakikujaa tena, na hakuna aliyecheka.

Ndipo vumbi jeupe likainuka upande wa magharibi. Trekta.

Mzee wa zamu ya ofisini alishuka na madumu mawili ya maji. Walikunywa hadi matumbo yakalia.

"Naona tangi linajaa, linapwa, linajaa," alisema. "Nikasema hata bahari haina haraka hiyo. Nani alikuwa anachezea tangi langu?"

Siku zote Shangazi ndiye humjibia Kimya. Safari hii alimgeukia, akangoja.

"Mimi," alisema Kimya.

"Mpishi wetu kapata cha kusimulia," Breki alimwambia Shangazi. "Safari ijayo umpumzishe nyumbani."

Kimya alimeza funda la mwisho. Maneno haya alikuwa nayo tangu siku ya kwanza alipobebeshwa mkoba ule wa vifaa.

"Safari ijayo nakuja," alisema. "Ila masufuria utabeba wewe, kaka Breki. Mimi, Shangazi, nataka unifundishe vipima."