Chumba cha Mwani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yadira alifuta chumvi iliyoganda ukingoni mwa tangi la kioo, akawakagua samaki wake mmoja mmoja, kisha akawatupia chakula. Tangi hilo la maji ya bahari alipewa na Efraín, padrino wake, yaani baba yake wa ubatizo. Mtaani kwao, pale Ponce, mji wa Puerto Rico, hakuna mtoto mwingine aliyekuwa na kitu kama hicho, naye alilionea fahari kubwa.

Tatizo ni kwamba nyumba ya bibi yake, alikoishi, haikukosa wageni, na kwa Bibi Providencia ni aibu mtu kula huku mwingine anamtazama. Basi kila aliyeketi na sahani ya wali wa mbaazi aliwaonea haya samaki, akawatupia chochote. Fundi viatu aliwapa, jirani mbea aliwapa, hata mhubiri aliwapa. Yadira aliyaona yote akanyamaza, maana yeye mwenyewe alikuwa akiwaongezea kwa siri.

Haukupita muda, mawe yakavaa utando wa kijani na maji yakachafuka. Samaki wa manjano, kipenzi chake, akajibanza pembeni akihema kwa shida. Efraín alibadilisha pampu, wapi!

Jumamosi alifika na kisanduku cha kioo, mchanga, mwani na taa ndogo.

"Naomba baraka, padrino," Yadira alisalimia.

"Mungu akubariki, mwanangu. Leo tunajenga chumba cha mwani chini ya tangi. Maji yatashuka kwa bomba, yatapita kwenye mwani, kisha pampu itayarudisha juu. Uchafu wa samaki na mabaki ya chakula chao ndiyo mlo wa mwani. Sasa niambie, unawalisha mara ngapi kwa siku? Nataka kujua kama kisanduku hiki kinatosha."

"Mara moja tu," Yadira alijibu haraka.

"Basi kinatosha. Kikishindwa, nitawahamishia samaki kwa rafiki yangu mwenye tangi kubwa. Siwezi kuwaacha wafie hapa."

Yadira alimtazama samaki wa manjano. Kisanduku kingekuwa kidogo kwa sababu ya uongo wake, na wa kuumia ni samaki.

"Padrino, nimekudanganya. Nawalisha mara tatu. Na wageni nao wanawalisha. Wote!"

Efraín alimgeukia Bibi Providencia, aliyekuwa mezani. "Na wewe pia, Mama Provi?"

"Sasa nile peke yangu huku wamenikodolea macho? Sikulelewa hivyo mimi!"

Efraín alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe hawa si samaki, ni wapangaji wa chakula na malazi!"

Hakumgombeza Yadira. Alitoka, akarudi na kisanduku kikubwa zaidi, wakakijaza mchanga na mwani pamoja, wakawasha taa. Kisha akapiga marufuku wageni kulisha. Bibi alinuna.

"Usijali, Mama Provi. Humo kwenye mwani watazaliana wadudu wadogo wa baharini, na wengine watapanda juu na maji. Samaki watakuwa wakidonoa kutwa nzima."

"Si ungesema mapema!" bibi alisema, uso ukikunjuka.

Wiki zilipita, utando ukapungua, maji yakang'aa. Siku samaki wa manjano alipozunguka tangi lote kwa mbwembwe, Yadira alimrukia Efraín shingoni, machozi yakimlengalenga.

"Asante, padrino. Asante kwa chumba, na asante kwa kutonifokea."

"Mimi pia nakushukuru," Efraín alisema. "Ungenyamaza, ningejenga kisichofaa, na leo tungekuwa tunaulaumu mwani bure. Mtu akija kukusaidia, mwanangu, mwambie ukweli wote, hata ule unaokuaibisha. Wewe ulisema, ndiyo maana samaki wako bado wapo nyumbani."