Siku Tuliyomwombea Mama Ngalula

Kila asubuhi, kabla kengele ya misa haijalia, nilikuwa nimeshapanga ndoo zangu mbili bombani, nimefagia uwanja na kumtayarishia baba maji ya kunawa. Baba alifanya kazi kwenye karakana ya reli. Ulikuwa mwaka 1961, na mji wetu wa Lubumbashi ulikuwa bado ukiitwa Elisabethville. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, askari walikuwa wamepigana mjini mwezi wa tisa, na shule yetu ilikuwa imefungwa. Mimi, Clotilde, mwenye miaka kumi na mitatu, nilikuwa nimekaa tu nyumbani.

Kwa hiyo padri alipotangaza kwamba masista wanafungua tena shule yao ya shamba, nje kidogo ya mji, mama alipiga makofi palepale kanisani. Wasichana wangelala hukohuko, wasome asubuhi, na mchana wajifunze kufuga kuku, kupanda kabichi na kushona. Nafasi zilikuwa ishirini tu. Kila msichana aje Jumatatu na karata yake ya ubatizo, kile cheti cha kanisa, pamoja na mama yake wa ubatizo, yaani yule mama aliyemshika siku alipobatizwa na kuahidi kumlea katika dini.

Mama yangu wa ubatizo alikuwa Mama Ngalula. Watu wake walitoka Kasai. Alikuwa mshonaji, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, na gauni langu jeupe la komunyo alilishona yeye, lenye vifungo sita vidogo kama punje za mtama. Lakini mwaka ule watu wa Kasai walitukanwa njiani na kufukuzwa majumbani mwao. Mama Ngalula alikimbilia kambi ya wakimbizi, pembeni mwa mji, akawa analala chini ya turubai pamoja na maelfu ya wenzake.

"Jumamosi uende kambini umwambie," mama aliniagiza.

Jumamosi nikatoka. Njiani nilikutana na rafiki yangu Chola, naye pia alikuwa akienda kuandikishwa Jumatatu. Nilipomwambia naenda kwa nani, alicheka mpaka akashika tumbo.

"Yule mama wa maturubai? Atakuja na moshi wake mbele ya Mamere? Ee, Clotilde, utatuchekesha!"

Mamere ndivyo tulivyowaita masista. Uso uliniwaka. Nikageuza njia, nikaenda kwa Mama Hortense, mke wa karani wa posta, mwenye viatu vya kisigino na mkoba wa ngozi.

"Mama Hortense, unisaidie Jumatatu. Mama yangu wa ubatizo amekufa kule kambini."

Neno lilinitoka kirahisi, kama ganda la karanga. Mama Hortense alishika mashavu. "Maskini! Nitakuja, mutoto wangu." Nyumbani nilimwambia mama kwamba Mama Ngalula amesikia, na tutakutana naye shuleni.

Jumatatu mama hakuweza kuja, maana mtoto mchanga alikuwa na homa. Tulipanga foleni mbele ya baraza la shule. Zamu yangu ilipofika, Mamere Constance alisoma karata yangu, kisha akaniangalia juu ya miwani.

"Hapa imeandikwa Ngalula. Yuko wapi?"

Mama Hortense akanitangulia. "Alifariki, Mamere. Kambini. Mimi nimekuja pahali pake."

Nilidhani ataandika tu daftarini na kuita mwingine. Kumbe! Alichora msalaba mdogo kando ya jina lile, akaweka kalamu chini, akasimama.

"Tumwombee sasa hivi. Wote tupige magoti."

Wasichana na mama zao wakapiga magoti mavumbini. Nami nikapiga. Katikati ya sala nikasikia mlango wa uwanja ukifunguliwa. Mama Ngalula alikuwa ameingia, miguu myeupe kwa vumbi, kitambaa cha kichwa kimefuliwa na kunyooshwa vizuri. Kumbe padri alikuwa ametangaza hata kambini. Alipoona watu wanamwombea marehemu, hakuuliza. Alipiga magoti nyuma kabisa, akaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote: "Apumzike kwa amani. Amina."

Kisha akamwinamia Chola, aliyekuwa mwisho wa foleni, nami nikamsikia akiuliza: "Mutoto, nani amekufa?"

"Mama mmoja wa kambini," Chola akajibu bila kugeuka. "Anaitwa Ngalula. Mama wa ubatizo wa Clotilde."

Mama Ngalula alinitazama. Nilitamani ardhi ifunguke. Mamere akamwuliza, "Na wewe mama, umemleta nani?"

"Mimi napita tu, Mamere. Nilisikia sala, nikaingia." Akaanza kuondoka polepole.

Ndipo nikaelewa. Alikubali kuwa maiti ili mimi nipate nafasi. Machozi yakanitoka, nami nikapiga kelele mbele ya watu wote: "Mamere, ni yeye! Hajafa! Nilimwua mimi kwa mdomo, kwa sababu nilimwonea haya!"

"Yesu Maria!" Mama Hortense akaruka. "Umenifanya nimuzike muntu iko muzima!"

Wengine wakacheka. Masikio yangu yalikuwa ya moto.

Mamere Constance hakucheka. "Mama Ngalula, wewe ndiye uliyeahidi kwa ajili yake. Unaahidi tena, ama nimpe nafasi mwingine?"

Mama Ngalula aligeuka, akanijia. Akapangusa vumbi magotini.

"Clotilde, mimi ni nani?"

"Mama yangu wa ubatizo," nikanong'ona.

"Sauti!"

"Wewe ni Mama Ngalula, mama yangu wa ubatizo!"

Akapanda barazani, akashika kalamu, akaandika jina lake lote kwa mwandiko mzuri kuliko wa yeyote katika daftari lile. Kisha akanivuta kando.

"Uliogopa kicheko cha mwenzako, na kicheko kinaisha saa ileile. Lakini uongo umekufanya umkane muntu anayekupenda. Umaskini wangu si kosa, mwanangu. Hata mimi sikuuchagua. Siku nyingine ukiona haya juu ya watu wako, jiulize kwanza kama kosa si lako mwenyewe. Na ukishakosa, sema mapema, kama ulivyosema leo. Umechelewa, lakini umesema. Haya, nenda, wenzako wanachagua vitanda."

Nikaenda. Ila sikuweza kuinua macho siku ile nzima.