Mkoba wa Nyuma ya Mlango

Kafi la Dzoro lilikatika katikati ya mkondo. Abiria wake watatu walikitazama kile kipande kilichobaki mkononi mwake. Kisha mvua ikawashukia kwa kishindo, na ufuko wa Mbaraki, waliouacha nyuma punde tu, haukuonekana tena.

"Huna kafi jingine?" akauliza Sattar, muuza nguo wa Ndia Kuu, huku ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Ninalo," akajibu Dzoro. "Liko nyumbani."

Mtumbwi ukageuka ubavu. Dzoro alichukua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akausukuma chini, ukazama wote mpaka kiganjani bila kugusa kitu. Hapo ndipo alipobadilika uso. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, amevusha watu maji yale tangu ujana wake, na Badria alipomwona hivyo, akashika ubavu wa mtumbwi.

Maji yalikuwa yakipwa, tena yalikuwa ya bamvua, yale ya mwezi mpya, ambayo hutoka Kilindini kama watu wanaokimbia moto. Yaliwabeba na kuwapeleka nje, kwenye bahari kuu.

"Shangazi," Badria alisema, "nilikwambia tungoje."

Bi Mwanakuu aliinamisha kichwa. Alikuwa ameukumbatia mkoba wake kifuani kama mtoto mchanga.

Mkoba huo ndio uliowaponza. Ulikuwa wa ukindu, umeshonwa kwa mkono, una kifuniko na kamba mbili za kuvaa mgongoni, na miaka yote ulitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wake, kule Kibokoni. Ndani, katika kipande cha turubai kisichopitisha maji, mlikuwa na sanda yake. Marehemu mumewe aliileta kutoka Makka, kitambaa cha bafta nyeupe iliyochovywa maji ya Zamzam. Mlikuwa pia na pamba, kafuri ndani ya kikopo, udi, sabuni, sindano na uzi, na chupa ya marashi ya waridi ya kumnyunyizia maiti. Kila Ijumaa baada ya adhuhuri aliutungua, akavianika vitu juani, akabadilisha pamba, akaufunga tena. Popote alipokwenda, hata kama ni kulala usiku mmoja Mtongwe, mkoba ulikwenda naye.

Watu walimcheka. Badria, binti wa kaka yake, aliyelelewa naye, ndiye aliyemcheka zaidi. "Mkoba wa Shangazi una vya kufia tu," alikuwa akisema. "Vya kuishi havimo hata kimoja."

Lakini Bi Mwanakuu alikuwa na sababu. Alipokuwa na miaka saba, watu wa kwao walikimbia vita, na mama yake akafia njiani, mchana, chini ya jua. Hakuna aliyekuwa na nguo nyeupe. Alizikwa katika kaniki ya kuazima, kuukuu, yenye tundu begani. Tundu lile Bi Mwanakuu hakulisahau. Aliapa kwamba yeye hatazikwa kwa nguo ya kuazima.

Basi asubuhi ile mjumbe alikuja kusema kwamba dada yake wa Mtongwe ameanguka, hali mbaya. Mtu mwingine angehangaika kutafuta nguo na vyombo mpaka saa nne, na saa nne maji yangekuwa yametulia. Yeye aliunyakua mkoba akatoka. Dzoro alimwambia pale ufukoni, "Mama, ngoja maji yalale kwanza." Akamjibu, "Mimi niko tayari tangu zamani. Wewe je?" Mwanamume gani atakubali kuambiwa hivyo mbele za watu? Akausukuma mtumbwi majini.

Sasa walikuwa wamepita Ras Serani. Waliisikia bahari kabla ya kuiona, mngurumo wa mawimbi yanayovunjika juu ya mwamba.

"Shikeni mbao!" akapiga kelele Dzoro.

Wimbi la kwanza liliwainua. La pili liliwatupa. Mtumbwi ulipasuka kwa mlio wa mfupa unaovunjika, na wote wanne wakajikuta ndani ya povu, wanagongana na kutafuta pumzi. Badria alihisi leso yake ya juu ikivutwa begani na kwenda. Alimeza maji, akazama, mguu ukagusa mawe, akasimama. Maji yalimfika kiunoni. Mbele kidogo palikuwa na kipwa, jiwe pana la matumbawe ambalo huonekana maji yakikauka na kupotea yakijaa. Walitambaa hadi hapo kwa magoti na viganja. Shangazi yake alikuja wa mwisho, anatambaa kwa mkono mmoja, mkoba uko mgongoni.

Dzoro hakutambaa. Sattar alimburuta kwa kwapa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umechanwa na matumbawe kutoka goti hadi karibu na kifundo, na damu ilikuwa ikitiririka kwenye vijishimo vya mwamba.

Bi Mwanakuu alifungua mkoba. Akatoa pamba, akaibana yote juu ya jeraha, akavua leso yake ya juu na kuifunga hapo kwa nguvu mpaka Dzoro akauma mkono wake mwenyewe. Nguo nyeupe hakuigusa. Akakifunga tena kifuniko.

Mvua ilipita ghafla kama ilivyokuja, likaja jua kali. Pwani ilikuwa ng'ambo ya mkondo, minazi midogo kama vijiti vya kibiriti. Hakuna aliyeweza kuogelea hadi kule.

"Kiu," akasema Dzoro. Midomo yake ilikuwa imegeuka kijivu.

Maji ya kunywa hayakuwapo. Bi Mwanakuu akaitazama chupa ya marashi, akaizibua. Dzoro akapewa funda tatu. Wengine wakapata funda moja moja.

"Kama kunywa harusi," akasema Sattar, akikunja uso kwa harufu ya waridi.

"Au matanga," akasema Badria, na mara akajuta, kwa sababu hakuna aliyecheka.

Muda si mrefu waliona mashua ya rubani, ile inayokwenda kuzipokea meli nje, ikitoka kwa makasia sita. Wakasimama, wakapiga kelele mpaka sauti zikakauka. Sattar alivua koti lake la hudhurungi akalipunga. Koti lilikuwa rangi moja na mwamba.

"Ile nguo nyeupe, Shangazi!" Badria alimshika mkono. "Itoe! Itaonekana!"

"Ile haitolewi."

"Tutakufa!"

"Tukifa ndipo nitakapoihitaji."

Alisema hivyo bila hasira, macho makavu, na Badria akamwogopa kuliko alivyoiogopa bahari. Mashua ilipita. Ikawa ndogo, ikawa nukta, ikapotea nyuma ya mawimbi.

Kisha Badria akahisi baridi katikati ya vidole vya miguu. Akatazama chini. Kile kishimo alichokuwa akikitazama, chenye kaa mdogo ndani, hakikuwapo tena.

"Maji yanajaa," akasema Dzoro. Alikuwa amekaa, ameegemea ubao wa mtumbwi uliokwama. "Saa nane hapa hapana jiwe."

Wakiuburuta ule ubao na upondo ulionasa chini yake, walikwenda juu kabisa ya kipwa, mahali pasipozidi ukubwa wa mkeka. Maji yaliwafuata taratibu. Yalifika kifundoni. Kila wimbi lilikuja na kurudi, na kila liliporudi lilibakisha kidogo. Yalifika nusu ya muundi. Dzoro alisimamishwa kwa mguu mmoja. Mara mbili wimbi lilimlaza, na mara mbili Sattar alimdaka. Badria alianza kusoma Ya Sin, akasahau katikati, akaanza tena, akasahau palepale.

"Bibi Mwanakuu," akasema Sattar. Alikuwa bado amemshika Dzoro kwa kwapa. "Mimi nimeuza bafta miaka ishirini. Nimepima sanda za mji mzima. Niambie kitu kimoja tu. Ukifia hapa, nani atakuvika? Samaki?"

Bi Mwanakuu akamtazama. Maji yalikuwa magotini. Katika miaka yote ile ya kuanika na kukunja, alikuwa ametayarisha kila kitu, pamba, kafuri, hata uzi. Mikono ya kumvika ndiyo hakuwahi kuiweka mkobani. Mikono hiyo ilikuwa hapa, majini pamoja naye.

Akavua mkoba mgongoni. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, ikabidi afungue fundo kwa meno. Turubai likafunguka, na harufu ya kafuri ikawafikia wote. Akashika ukingo wa bafta akaichana. Sauti ya mchaniko ule Badria aliisikia maisha yake yote.

Kipande kirefu alimzungushia Dzoro kiunoni.

"Mama, hapana," Dzoro akasema, akijaribu kujitoa. "Hiyo ni nguo ya maiti. Usinifunge hiyo."

"Ni nguo. Simama."

Akamfunga Dzoro kwa Sattar, Sattar kwa Badria, na ncha ya mwisho akaifunga kwenye mkono wake mwenyewe. Ile sehemu kubwa iliyobaki waliifunga kwenye upondo. Wakauinua. Upepo ukaingia ndani ya sanda, ikafunguka yote, nyeupe, ikipiga kelele juu ya vichwa vyao.

Maji yalifika mapajani. Wimbi moja lilimng'oa Badria miguu. Kitambaa kikamkaza, kikamrudisha. Wimbi jingine likawafunika wote mpaka mabegani, upondo ukalala, wakauinua tena. Bi Mwanakuu alikuwa akisema kitu kimoja tu, "Msiachie, wanangu. Msiachie." Sattar alikuwa analia waziwazi.

Aliyeiona mashua ni Dzoro. Hakuwa na sauti. Alinyoosha kidole tu. Makasia sita, yakirudi kutoka kwenye meli, yalikuwa yamegeuza njia.

Mpiga kasia wa mbele, Kingi, aliruka majini na kamba mkononi. Alisikia harufu ya kafuri na marashi, akaiona bafta, akapepesa macho.

"Maiti yuwapi?" akauliza.

"Maiti ni mimi," akasema Bi Mwanakuu. "Lakini nimeghairi."

Walipelekwa Kilindini wamelazwa chini ya mashua kama magunia. Dada wa Mtongwe, walipomfikia siku ya tatu, walimkuta ameketi, anakunywa uji na kugombana na wakwe zake.

Badria hakuucheka mkoba tena. Sasa juu kabisa mlikaa kibuyu cha maji, na chini yake tende, kisu, na kamba ya katani pima kumi. Yeye mwenyewe ndiye aliyebadilisha maji yale kila Ijumaa. Sattar alileta jora zima la bafta mpya, akaliweka mlangoni. Bi Mwanakuu alimshukuru, akamrudishia.

Baada ya mwezi mmoja Dzoro alikuja Kibokoni, anachechemea na fimbo. Alikataa kuketi. Alitoa kifurushi kwapani, akakifungua. Kilikuwa kile kipande alichofungwa nacho, kimefuliwa, kimekunjwa vizuri.

"Hii ni yako, Mama," akasema. "Sikutaka uende bila ya hii."

Alipokwisha kuondoka, Bi Mwanakuu alitoa mkobani sindano, uzi na ile bafta iliyobaki, akakaa kwenye mwanga wa mlango.

"Shangazi," akasema Badria, "lakini sanda haishonwi viraka."

"Hii inashonwa." Akauma uzi, akaanza tena. "Nikiulizwa kaburini mshono huu ni wa nini, nitakuwa na la kujibu."