Kitufe cha Kubadilisha Siku

Kila likizo, Munyiva akishaosha vyombo na kufagia ua, alikwenda saiba, duka la intaneti la shangazi yake Kalondu, hapo Mumbuni. Mwaka huo wa 2005 alikuwa darasa la saba, na wenzake walidhani huko kwenye kompyuta anacheza tu. Kumbe alikuwa akifunzwa kazi. Shangazi Kalondu alisomea kuandika programu kwa lugha ya Java, na wakati huo alikuwa akiitengenezea kliniki moja ya macho ya mjini ukurasa wa kuweka miadi. Mgonjwa wa Masinga au wa Athi River angeingia saiba iliyo karibu naye, akaomba siku ya kumwona daktari, asifunge safari ya bure.

Ukurasa ule ulikuwa na fomu moja yenye vitufe vitatu: Weka Miadi, Badilisha Siku na Futa Miadi. Munyiva alitaka kujua fomu moja itatambuaje mtu anataka lipi. Shangazi alimkumbusha mpokezi wa kliniki, ambaye ukimweleza shida yako anakuelekeza chumba chako. Kila kitufe, alisema, hubeba neno lake la ndani. Kikibonyezwa, neno hilo huenda kwenye programu pamoja na jina la mgonjwa. Programu hulisoma, kisha huita mbinu inayohusika, yaani kipande cha programu chenye kazi hiyo moja: mbinu ya kuweka, ya kubadilisha au ya kufuta.

"Maandishi ya juu ni ya macho ya watu," Shangazi alisema. "Programu inaangalia lile neno la ndani peke yake."

Munyiva alielewa, tena upesi, na hapo ndipo kichwa kilipomvimba. Alipopewa kazi ya kuunda kitufe cha Badilisha Siku, hakuona haja ya kuandika upya. Alinakili mistari ya Futa Miadi, akabadilisha maandishi ya juu, akalisahau neno la ndani. Kosa kama hilo lingeonekana mara moja, kwa kuwa Shangazi alikuwa amemwagiza abonyeze kila kitufe, kisha afungue orodha ya kliniki aone mgonjwa wa majaribio amewekwa wapi.

Lakini nje wasichana walikuwa wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na walimwita mara mbili. Munyiva alivibonyeza vile vitufe harakaharaka. Kila mara ukurasa ulijibu, "Ombi lako limepokelewa." Orodha hakuifungua. Shangazi alipomuuliza kama ameangalia vyote, alijibu bila kupepesa macho kwamba ameangalia na vyote viko sawa. Shangazi alimwamini, na ukurasa ukaanza kutumiwa na kliniki.

Jirani yao Habiba, ambaye wote walimwita Mama Ramzi, alikuwa mshonaji wa sare za shule. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Uzi ulikuwa haumwingilii tena kwenye sindano, na wateja walikuwa wameanza kumkimbia. Daktari wa upasuaji alifika kliniki ile mara chache kwa mwaka na kukaa wiki moja tu. Mama Ramzi alikuwa amepata nafasi ya Jumatatu, ila mwanawe Ramzi, mfanyakazi wa kiwanda huko Athi River, angepata ruhusa Alhamisi. Basi alikwenda saiba kuomba siku ibadilishwe. Munyiva alimjazia fomu, akauweka mkono wa mama yule juu ya kipanya ili abonyeze mwenyewe. Alipomsomea kuwa ombi limepokelewa, Mama Ramzi alimwombea dua ndefu.

Alhamisi adhuhuri Mama Ramzi na mwanawe walipitia kwa kina Munyiva, macho yakiwa vilevile. Kliniki ilikuwa imewaambia kwamba miadi ilifutwa na mgonjwa mwenyewe, na nafasi ikapewa mtu mwingine. Daktari angeondoka Jumamosi. Ramzi alikuwa amekasirika, akamuuliza mama yake alibonyeza nini.

"Labda mkono wangu ulikwenda kwingine," Mama Ramzi alisema polepole. "Si mnajua sioni."

Munyiva, aliyekuwa ameshika sinia ya chai, aliiweka chini. Mkono ule aliuweka yeye, na alijua uliwekwa wapi. Alipopata nafasi alikimbilia saiba, akafungua mistari aliyoiandika. Neno la ndani la Badilisha Siku lilikuwa lile la Futa. Kila aliyeomba kubadilishiwa siku alikuwa amejifuta. Shangazi alikuwa akimhudumia mteja upande wa pili, hakumwona. Munyiva alilirekebisha lile neno, akahifadhi, akatoka kimyakimya. Alijiambia kosa limekwisha. Lakini siku hiyo aliona haya hata kumtazama mama yake.

Ijumaa asubuhi alimkuta Ramzi akifunga cherehani kwa kamba. Mama yake alikuwa ameamua iuzwe, kwa kuwa asiyeona ana kazi gani na cherehani. Munyiva hakungoja kusikia zaidi.

"Shangazi, niko na kitu cha kukuambia," alisema alipofika saiba, akihema. "Mama Ramzi hakukosea. Ni mimi."

Alieleza yote: mistari aliyoinakili, orodha ambayo hakuifungua, uongo wake, na hata neno alilolirekebisha kwa siri. Shangazi Kalondu alivuta kiti, akafungua orodha ya kliniki. Kwa bahati, mbinu ya kufuta haikuwa ikitupa majina bali iliyaweka kando, kwa hiyo waliwapata wagonjwa wengine waliojifuta bila kujua, wakampigia kila mmoja simu. Wote hao walikuwa wa miadi ya mwezi uliofuata, wakarudishiwa siku walizoziomba. Aliyebaki ni Mama Ramzi.

Shangazi alimshika Munyiva mkono hadi kliniki, akamtaka aseme mwenyewe. Sista, muuguzi wa pale, alimgombeza, tena ipasavyo. Daktari alisikiliza, akatazama kazi iliyomngoja, akasema ataanza mapema Jumamosi kabla ya safari yake, na angeweza kulitibu jicho moja. La pili lingengoja ziara ijayo.

Kumwambia Mama Ramzi ndiko kulikokuwa kugumu kuliko kote. Alimsikiliza hadi mwisho, mikono yake imetulia mapajani.

"Kwa hivyo si mkono wangu," alisema.

"Si mkono wako, Mama Ramzi. Nisamehe."

"Nimeulaumu tangu jana. Nilidhani sasa sifai kwa lolote."

Munyiva alilia. Angepigwa, angeumia kidogo kuliko hivyo.

Jumamosi, wakingoja kwenye benchi la kliniki, Shangazi alimwambia yale ambayo hakuyasema siku iliyotangulia. "Kunakili vibaya hata mimi hunakili vibaya. Ndiyo maana tunajaribu. Lakini uliponiambia umeangalia, mimi niliacha kuangalia. Uongo wako ulinifunga macho na mimi."

Siku iliyofuata sista aliondoa bandeji. Mama Ramzi alipepesa jicho lenye maji, akaangaza dirishani, akamtazama Ramzi kwa muda mrefu. Halafu alimgeukia Munyiva, akamkagua kutoka juu hadi chini kama mshonaji anavyomkagua mteja, jicho likaishia kwenye sketi.

"Pindo hili limepinda," alisema. "Nani alilishona?"

Munyiva alikaribia kusema ni fundi wa sokoni. "Ni mimi," alisema. "Niliona limepinda, nikachoka kulifumua."

Mama Ramzi alicheka, akamvuta karibu. "Lilete kesho tulifumue pamoja, mwanangu. Kosa uliloniambia naweza kukusaidia kulitengeneza. Ulilonificha, nitakusaidiaje?"