Ndoo ya Upande wa Kushoto

Mwoka mikate aliingia duka la mahitaji ya kuokea saa tano asubuhi, watu wamejaa hadi mlangoni, gauni lake la njano lina unga kiunoni. Akakuta kijana mmoja mrefu, mwenye buti za mpira, amekumbatia katoni ya mwisho ya hamira.

"Kaka, yote hiyo ya nini? Una harusi?"

"Nina kondoo, dada."

"Kondoo wako wanaoka mikate?"

Duka zima likaangua kicheko. Kijana naye akacheka, akafungua katoni na kumgawia nusu. Alikuwa mtafiti wa lishe ya mifugo kwenye shamba la chuo, mwenye sauti ya taratibu na kope ndefu kupita kiasi. Kwa kope hizo, mwoka mikate alitoa namba ya simu bila kubembelezwa.

Wakawa wanapigiana kila siku, yeye akisubiri kinyunya kiumuke.

"Umeshindaje, mpenzi?"

"Nimepima kinyesi."

"Mungu wangu! Wenzangu wanaletewa maua."

"Usicheke, laazizi. Nikijua wamekula kiasi gani na wametoa kiasi gani, najua tumbo limemeng'enya kiasi gani. Kundi la kulia nawatilia hamira, la kushoto siwatilii. Kisha nalinganisha."

Jumapili moja alimpeleka zizini. "Hawa ni dada zangu," akasema. "Kwako ni mawifi, wasalimie."

Akawasalimia, mmoja mmoja. Lakini wale wa kushoto walimtazama kinyonge, na yeye ni mtu asiyeweza kukata mkate vipande visivyolingana. Mtafiti alipokwenda kuosha buti, mwoka mikate alichota vijiko viwili vya hamira akavikorogea kwenye ndoo ya maji ya wa kushoto. Kesho yake akarudi na mkate wa mpenzi wake mkononi na hamira mfukoni. Keshokutwa vilevile. Ikawa ndiyo kazi yake, wiki tatu mfululizo, na moyo wake mweupe kabisa.

Kisha ikaja simu, sauti imezama.

"Makundi yamelingana. Kesho namwandikia profesa kwamba hamira haisaidii kitu. Kazi yangu yote imekwenda bure."

Mwoka mikate alichomoa mikono kwenye kinyunya. Angeweza kunyamaza, kwani waliomwona ni kondoo tu. Lakini alimpenda, na ile sauti ilimchoma.

"Usiandike," akasema. "Wa kushoto nimekuwa nikiwapa mimi. Niliwaonea huruma."

Simu ikakatwa.

Siku nane hakupigiwa. Aliunguza trei mbili za mikate, akatia chumvi mahali pa sukari, akalia kwenye aproni yake waziwazi mbele ya wateja. Siku ya tisa, foleni imefika nje, mtafiti akaingia na buti zake na daftari.

"Ulianza lini?"

"Jumapili ile ile, ulipokwenda kuosha buti."

Alifungua daftari juu ya meza yenye unga. "Tazama. Mpaka Jumapili hiyo wa kushoto wako nyuma. Baada ya hapo wanapanda, wanapanda, wanawafikia wenzao."

"Kwa hiyo hamira inasaidia?"

"Inaelekea hivyo. Ila hamira ya kuibia haiandikwi kwenye ripoti. Profesa amecheka mpaka akavua miwani, kisha akaniambia nianze upya, siku sitini." Akashusha sauti. "Nilikasirika sana. Halafu nikawaza, ungeweza kunificha maisha yako yote na nisingejua. Mtu wa namna hiyo nitampata wapi tena? Nataka nikuoe."

Mwoka mikate akajipangusa unga mikononi, kidole kimoja kimoja.

"Mjibu basi, dada!" mzee mmoja akapaza sauti kwenye foleni. "Tunataka mikate!"

"Kwa sharti gani?" akauliza, machozi na kicheko vikigombana.

"Siku sitini usiiguse ndoo ya kushoto. Ya sitini na moja, harusi."

"Nimekubali. Lakini unawaonea mawifi zangu."

Alasiri hiyo walikwenda zizini pamoja. Wa kushoto walipomwona tu, wakasukumana kwenye uzio, shingo zote nje. Akawaonyesha viganja vitupu.

"Msinitazame hivyo. Mwulizeni kaka yenu."

Akaificha mikono nyuma ya mgongo isije ikamshinda, na kaka yao akaja akaishika.